Picha ya Tumbo la Kifaru

Kifaru kililetwa zahanati Jumamosi saa nane mchana, kimeviringishwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mlinzi wa getini alikuwa ameambiwa tu kwamba leo kifaru kinakuja kupigwa eksirei, na alikuwa amekwisha kuchagua upande wa kukimbilia. Alipoona taulo, akasonya, akarudi kitini.

Kilikuwa kifaru cha vita cha plastiki, urefu wa shubiri moja. Aliyekibeba alikuwa Fundi Saa, aliyekiunda. Nyuma yake walifuata mkewe na wanachama tisa wa chama cha waundaji wa vifaru vidogo. Ndani alikuwa akiwasubiri mdogo wa mkewe, mpiga picha za eksirei ambaye kila mtu alimwita Miale. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mara mbili.

Kwa miaka mitatu kombe la chama lilikuwa halitoki nyumbani kwa Miale. Kwa kupaka rangi hakuwa na mpinzani. Kutu yake ungedhani unaisikia harufu, na matope yake yalikufanya utazame viatu vyako mwenyewe. Mwezi uliopita Fundi Saa akaja na kifaru kilichogandishwa gundi kila pembe, mfuniko haufunguki, akasimama kueleza kilichomo ndani. Viti alivikunja kwa bati la tyubu ya dawa ya meno. Makombora ishirini na manne aliyachonga kwa waya wa shaba, moja moja, lenzi ya kazini jichoni. Pedeli za dereva zilitoka kwenye kopo la samaki. Gurudumu la kuzungushia mzinga lilitoka kwenye saa ya marehemu mjomba wake. Alipofika kwa mjomba, watu wawili walipenga kamasi, na kombe likaondoka.

"Mmempa kombe kwa maneno!" Miale alifoka. "Humo ndani mna hewa tupu!"

"Vyote vimo, shemeji," Fundi Saa alisema kwa upole.

"Basi fungua."

"Nikifungua nitakivunja. Hiyo ni kazi ya miezi saba."

"Mtu ahangaike miezi saba, halafu afunge asione yeyote?"

Fundi Saa aliinua mabega. "Mimi najua vimo. Wewe labda upate macho ya kupenya plastiki."

Miale alidai kifaru kifungiwe kabatini kwa mwenyekiti, kisije kikajazwa kinyemela, na mwenyekiti akakubali. Siku tatu baadaye, akiwa kazini anatazama mbavu za watu, Miale alipiga ukelele uliomfanya mgonjwa ajishike kifua. Plastiki haizuii miale ya eksirei! Bati na shaba vinazuia! Alimkimbilia mwenyekiti, ambaye ndiye daktari mwenye zahanati, akaomba iwe Jumamosi, mashine ikiwa haina kazi. Mbele ya wanachama wote akatamka, "Pakiwa patupu, huyu afukuzwe chamani."

"Na pakiwa pamejaa?" dada yake aliuliza.

"Naondoka mimi. Nawaachia na brashi zangu."

Ndiyo maana leo hakuna aliyekuwa akicheka. Mwenyekiti alikuwa amekitoa kifaru kabatini mchana huo huo, mbele ya wanachama, na sasa mikono ya Fundi Saa, iliyozoea kushika skrubu ndogo kuliko chawa, ilikuwa ikitetemeka waziwazi.

"Shemeji," alinong'ona, "tuyaache haya. Sisi ni ndugu."

"Undugu utakuwepo baada ya picha."

Dada naye alimvuta Miale kando. "Mdogo wangu, sikiliza. Utajiaibisha."

Miale alimwonea huruma. Masikini, mke mwema anamkinga mumewe. "Dada, nenda kakae," alisema, akaupigapiga mkono wake.

Alikichukua kifaru, akakitikisa sikioni. Kimya. Hata punje haikugonga. Akatabasamu mpaka magego, akakilaza ubavu kwenye meza ya mashine.

"Hapana, hapana," Fundi Saa alisema haraka. "Magurudumu yawe chini. Mzinga uelekee kulia. Tafadhali, shemeji, usikidhalilishe."

"Haya, bwana. Mgonjwa na alale anavyopenda." Miale alikigeuza, akakinyoosha sawasawa. Kisha akawapeleka watu wote chumba cha pili, penye kompyuta, akarudi kukiinamia kifaru kwa sauti yake ya kazini. "Vuta pumzi. Usipumue."

Akawafuata wenzake, akafunga mlango, akabonyeza.

Alikuwa amekwisha kupanga hata namna ya kutazama. Yeye angeipa skrini kisogo na kuangalia sura za watu, ili asipitwe na hata mkunjo mmoja wa aibu ya Fundi Saa. Basi akasimama hivyo, mikono nyuma, kidevu juu, picha ikaanza kujitokeza nyuma yake.

Wa kwanza kuguna alikuwa mwenyekiti. Halafu mtu mmoja akaanza kuhesabu kwa kidole, "Ishirini na mawili, ishirini na matatu, ishirini na manne..." Fundi Saa alikuwa ameacha kutetemeka. Alikuwa akisafisha miwani yake kwa pindo la shati.

Miale akageuka. Viti vilikuwapo. Makombora yalijipanga kama meno. Pedeli tatu, gurudumu la saa, kila kitu kikiwa cheupe na kimetulia kwenye lile giza la picha.

"Na haya maandishi?" mwenyekiti aliuliza, akisogeza uso kwenye skrini.

Katikati ya viti, kwa waya wa madini ya risasi uliokunjwa herufi moja baada ya nyingine na kugandishwa sakafuni kabla kifaru hakijafungwa, paliandikwa: KARIBU NDANI, SHEMEJI.