Nyumba Iliyotokwa na Jasho

Mashine haikuwa na ubovu, na hapo ndipo Leander Skanes alipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Tangu saa nne asubuhi alikuwa amepiga magoti katika chumba cha chini cha nyumba ya Bi Dorcas Pardy, mjane aliyeishi peke yake kilimani, mwisho wa barabara ya kijiji cha Gannet Cove. Mwanawe bibi huyo, aliyekuwa kazini mbali, jimbo la Alberta, ndiye aliyempigia fundi simu. Madirisha ya mama yanatiririka maji, alisema, na kuvu nyeusi imeanza kupanda ukutani. Bila shaka mashine ya kubadilisha hewa imekufa.

Haikufa. Machujio yalikuwa safi. Feni zote mbili zilizunguka. Mpira wa kutolea maji haukuziba, wala barafu haikuwa imeshika popote. Leander alitoka nje kwenye ukungu akakagua matundu ya ukutani. Hewa ya baridi iliingia, hewa chafu ikatoka, sawasawa kabisa.

"Mashine yako ina afya kuliko mimi," alimwambia Bi Dorcas aliporudi jikoni.

Bibi hakucheka. Alimmiminia chai, akamsukumia kikombe kabla hakijajaa. Asubuhi yote alikuwa akimhimiza amalize aende zake, na kila baada ya muda alikwenda dirishani, akafuta maji kwa kiganja, akatazama barabara.

Leander alimuuliza kama huwa anaanika nguo ndani. Hapana. Ameweka kuni mbichi chini? Hapana, wala hata kupika hapiki sana siku hizi. Lakini juu ya jiko palikuwa na sufuria ya supu ya njegere na nyama ya chumvi, ikitokota, kubwa ya kushibisha timu nzima ya mpira wa magongo.

"Unaishi na nani hapa, mama?"

"Na nani tena, mwanangu? Mimi na picha ya marehemu."

Akashuka tena, safari hii na kipimo cha unyevu. Miaka kumi na tisa ya kazi hii ilikuwa imemfundisha kwamba watu hudanganya lakini nyumba haidanganyi. Pumzi ya mtu ni maji. Mtu mmoja ana kiasi chake, akilala, akioga, akichemsha chai. Unyevu uliokuwa ukisomeka mkononi mwake haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa watu wanne, pengine watano.

Namba zilipanda kila alipoukaribia mlango wa mwisho, ule ambao Bi Dorcas alisema ni stoo ya mitungi ya jamu. Juu yake palikuwa na tundu la hewa. Leander akaweka kiganja pale. Hewa iliyomgusa ilikuwa ya vuguvugu, kama inayotoka vinywani.

Ndani, mtu akakohoa. Kisha kikohozi kikazibwa.

Leander akaondoa kiganja. Sasa alielewa kule kuchungulia barabara na ile haraka ya kumwondoa. Kuna watu wameingia nyumbani kwa mjane huyu na kumweka mateka, na amekatazwa kusema.

Alipanda ngazi bila kukimbia, akasema kwa sauti kwamba anafuata kipuri garini. Akiwa garini akapiga simu. Sauti ya polisi ikamjibu kwamba askari wa Gannet Cove yuko karibu tu, bandarini, atafika baada ya dakika chache. Yeye asirudi ndani.

Lakini angemwachaje mama wa watu mle? Leander akarudi.

Nyuma ya karatasi ya kazi aliandika: *Kuna watu wamejificha chini? Kama ndiyo, gusa kikombe.* Akaisukuma mezani.

Bi Dorcas aliisoma. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kutia mguu. Halafu, polepole, akagusa kikombe.

"Njoo unishikie ngazi hapo nje, mama," Leander akasema kwa sauti ya kusikika mpaka chini. Alimvisha koti, akamshika mkono, wakaupita mlango wa ngazi ya chini hatua kwa hatua. Alisubiri mlango ule ufunguke nyuma yao, apigwe kisogoni kabla hajapiga kelele.

Haukufunguka. Walipofika garini alifunga milango yote, na hapo tu ndipo alipovuta pumzi.

Bi Dorcas bado alikuwa akiangalia barabara.

"Umejuaje?" alinong'ona.

Akamweleza habari ya unyevu, kwa kifupi, maneno yakikanyagana.

"Na umemwambia mtu?"

"Usiogope tena, mama. Nimeshawapigia polisi. Huyo wenu wa hapa anakuja." Akamwonyesha taa za buluu zilizokuwa zikipanda kilima ndani ya ukungu. "Yule pale, ameshafika."

Kucha za bibi zikamzama mkononi.

"Mwanangu," alisema, "waliojificha mle chini ni mke wa askari huyo, na wanawe watatu."