Kadi Iliyochakaa Pembe

Mlango wa daktari wa tezi dume ulifunguka mbele ya fundi cherehani, akatoka kaka yake, muuza mizizi ya dawa, akibonyeza pamba pale alipotolewa damu.

Fundi aliganda na kichupa chake cha mkojo. Mwaka mzima alikunywa unga wa kaka huyu, na bado mkojo ulimtoka kwa matone. Kila alipotaja hospitali, kaka alimwambia: "Hospitali watakukata, mdogo wangu. Mizizi haina kisu."

Fundi akaiangalia kadi ya kliniki mkononi mwa kaka. Pembe zake zilikuwa zimechakaa kama noti kuukuu.

"Tangu lini?"

"Mimi huja kupima tu," alisema kaka, akishusha mkono wa shati kuifunika pamba.

Daktari alichungulia, akalinganisha nyuso zao, akamgeukia fundi. "Kumbe ndugu? Mwenzako aliwahi mapema. Wewe ulikuwa wapi?"