Pangusa Miguu Mlangoni

Mashine mpya ya kusikilizia ilipoingia sikioni mwa Sefania, kila sauti ilimfikia kama bati linaloburutwa. Mkewe, Raheli, alipoona amekunja uso, alinyoosha mkono ili aivue.

"Iache kwanza," alisema Sefania.

Alikuwa fundi wa mnara wa mawasiliano kwa miaka thelathini. Kule mtambo hauanzi na ujumbe. Hutanguliza alama ambazo mpokeaji anazijua tayari. Akiona hewa imezipinda vipi, anajua namna ya kuunyoosha ujumbe unaofuata.

"Niambie kitu ninachokijua," aliomba.

Raheli hakufikiri hata kidogo. "Pangusa miguu mlangoni, Baba Tumsifu! Mimi si mtumishi wa mtu!"

Sefania alifumba macho. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kila jioni tangu waoane.

"Rudia."

Akarudia mara ya pili, na ya tatu kwa ukali wa kweli. Polepole lile bati likageuka kuwa mkewe.

"Haya. Sasa niambie nisichokijua."

Raheli akasogea karibu. Kuna mambo hayasemeki kwa kupiga kelele, naye kwa miaka mitatu, tangu masikio ya mumewe yafifie, alikuwa akipiga kelele tu. Akamwinamia, akasema sentensi moja ya upendo kwa sauti ya chini, mara moja tu.

Sefania hakuuliza "Unasemaje?" Aliinuka, akaenda mlangoni, akasimama juu ya zulia dogo, akaanza kupangusa miguu isiyo na tope.