Shina Ndani ya Glasi

Mkulima alitumbukiza shina la mnyanya kwenye glasi ya maji, akakodoa macho. Likitoa uzi mweupe kama maziwa, ni mnyauko, ule ule uliofagia shamba la jirani. Maji yakibaki safi, basi ni jua tu lililoulegeza mche.

Kukaa hakuweza. Alizunguka meza, akarudi, akainama mpaka pua ikagusa glasi.

Kabla ya kupanda, miche yote alikuwa ameichovya mizizi kwenye maji ya bakteria aliyopewa na wifi yake, mtaalamu wa mimea.

"Hawa ni walinzi," wifi alimwambia. "Wanaishi mizizini, wanawafukuza wale wabaya. Ila ukiwamwagia dawa kali, wifi yangu, umewaua wote."

Mume wa mkulima aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu lini ugonjwa ukatibiwa kwa vijidudu?

Kitu cheupe kikachomoza kwenye ncha ya shina. Kikapanda juu, kikapasuka. Kipovu tu! Maji yalikuwa safi, safi kabisa.

"Baba Watoto!" alipiga kelele. "Njoo uone! Walinzi wako kazini!"

Mumewe aliingia mbio kutoka shambani, bomba la dawa kali mgongoni, jasho likimtiririka. Aliitazama glasi kwa muda, kisha akatazama chini.

"Hebu nikutue hilo, dawa haihitajiki tena," mkulima alisema huku akicheka. Alishika mikanda kwa mikono miwili, akakaza miguu kuupokea uzito.

Bomba lilinyanyuka kama kopo tupu.