Kaburi Namba Kumi na Tisa

Mama Gervasi alifika kwenye kaburi la mwanawe na shuka jipya jeupe, amelibana kwapani. Mumewe, Mzee Ngwila, alikwisha kumtangulia. Alikuwa ameketi juu ya kaburi lenyewe, na wachimbaji walisimama na sepetu zao wakimsubiri.

"Baba Gervasi, inuka. Watu wana kazi."

Hakuinuka.

Editha Komba, afisa mahusiano wa kampuni ya kuchimba kinywe, madini meusi ya kutengenezea betri, alisimama pembeni na jalada lake. Alikuwa amemaliza chuo mwaka juzi, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo: ofisi ya vyumba vitatu, gari moja, na leseni ya kuchimba kinywe kilichojaa chini ya mashamba ya kijiji cha Mbalate. Mpango wake ulikuwa kuanza na kiwanda kidogo, kuwauzia watengeneza betri kinywe cha chembe kubwa, kisha faida ijenge kiwanda kikubwa. Wawekezaji waliupenda. Walitaka jambo moja tu, eneo liwe tupu kabla ya Ijumaa, bila nyumba wala kaburi. Vinginevyo wangepeleka mtaji wao Msumbiji.

Editha aliuamini mpango huo kwa moyo wote. Vijana wa Mbalate wangechimba nyumbani, kwenye shimo la wazi, wakiwa na kofia ngumu, badala ya kwenda kufukiwa kwenye migodi ya Mererani kama Gervasi.

Makaburi kumi na manane yalikwisha kuhamishwa. Lilibaki hili. Kijijini walisema mzee anataka aongezewe fidia, na mwenyekiti wa kijiji alimtania mkutanoni kwamba anangoja bei ipande kama mwenye hisa. Watu walicheka. Baadaye Mzee Ngwila alimfuata Editha kwenye gari, akamwambia wachukue nyumba, shamba na migomba yake bila fidia yoyote, ila kaburi waliache. Editha alimweleza kwa upole kwamba shimo la kwanza litapita palepale. Siku iliyofuata akaenda kwa mkewe.

Mama Gervasi alimkaribisha jikoni, akampakulia wali na majani ya kunde, akamsimulia. Miaka sita iliyopita shimo la tanzanaiti liliporomoka, likafukia vijana saba. Mzee alipanda basi peke yake, akakaa huko siku kumi na moja, akarudi na jeneza lililopigwa misumari pande zote, zito, la kubebwa na watu wanane. Familia sita nyingine hazikuletewa kitu. Wenzake walimwambia ana bahati. Lakini mzee alikataa lisifunguliwe. Alisema kijana ameumia vibaya, si wa kutazamwa.

"Sikumwosha, sikumfunika," mama alisema. "Mwanangu, mimi nilizika mbao."

Editha alifungua mkoba wake. Akatoa kipande cha kinywe, kile alichowaonyesha watu nyumba kwa nyumba. Mama alikisugua kwa kidole gumba, kidole kikawa cheusi. Vumbi hilo alilijua. Kila Krismasi Gervasi alirudi nalo kwenye kola za mashati, na halikutoka hata kwa sabuni ya kipande. Kule wanatafuta vito tu, alimwambia mama yake. Mawe haya meusi wanayatupa nje ya shimo, yamejaa kama vilima.

"Kumbe alikuwa anakanyaga mali?"

"Ndiyo, mama."

Mama alitabasamu kidogo, akafuta macho kwa pindo la kanga. Ndipo Editha alipomweleza kuwa jeneza la zamani huoza, kwamba marehemu huhamishiwa kwenye sanduku jipya, na familia huruhusiwa kumfunika.

"Kwa mikono yangu mwenyewe?"

"Kwa mikono yako, mama."

Fomu ilihitaji ridhaa ya mzazi mmoja. Mama hakungoja kidau cha wino. Alibandika kidole gumba kilekile, kikiwa bado cheusi.

Sasa, makaburini, bwana afya aliyekuja kusimamia ufukuaji alikuwa akitazama saa. Mzee Ngwila aliinuka mwenyewe, taratibu, bila kushikwa. Alimsogelea Editha mpaka karibu na sikio.

"Fukueni, binti," alinong'ona. "Ila mrudishe mke wangu nyumbani. Nakuomba. Tafuta sababu yoyote."

"Baba, amesubiri miaka sita. Ana haki ya kumwona mwanawe."

Mzee alivua kofia, akaenda kusimama nyuma ya mkewe.

Walichimba kwa nusu saa. Sepetu iligonga mbao laini, zilizooza, na kifuniko kikanyanyuka bila nguvu. Mama Gervasi alipiga magoti ukingoni, akalikunjua shuka, akalishika wazi kwa mikono miwili. Bwana afya aliinama, akachungulia, akabaki ameinama.

Ndani hamkuwa na mfupa hata mmoja. Mlikuwa na mawe meusi ya kinywe, yaking'aa juani, yamepangwa kwa uangalifu kwa urefu wa kijana, na yale ya kifuani yalikuwa yamevishwa shati la Gervasi, lililofungwa vifungo vyote hadi kwenye kola.