Nyaya Mbili, Sauti Moja

Nahashon alisimama nje ya mlango wa Mbithi, mkate kwapani na pakiti ya sukari mkononi, akiomba kimoyomoyo asikute mtu. Lakini wenyewe walikuwepo. Tena walikuwa wakiimba.

Ilikuwa Jumapili jioni mwaka wa 1981, na mtaa mzima wa Mbotela, Nairobi, ulikuwa unapika. Akina mama walipiga foleni mferejini, na redio za majirani zilikuwa zinashindana. Katikati ya kelele zote hizo, Nahashon alisikia zaidi mlio wake mwenyewe, mlio wa nzi ndani ya kopo, ambao haukuwa umemtoka masikioni tangu enzi zake za kupiga gita bendini.

Akabisha.

"Karibu, Bwana Nahashon! Karibu kiti," Mbithi akasema kwa sauti ya kutikisa madirisha. Ndivyo alivyokuwa siku zote, hata kazini. Ajabu ni kwamba alipomgeukia mkewe, Nzembi, sauti yake ilitulia kabisa. "Mama Mwende, ule mstari wa pili umeushusha kidogo." Nzembi akacheka, akaenda kuinjika chai. Nahashon, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, hakuwa amesikia chochote kilichoshuka.

Mbithi aliongoza kwaya ya kanisa. Hadi wiki iliyopita alikuwa pia msaidizi wa Nahashon katika klabu ndogo ya mashua kule bwawani. Sasa alibaki na kwaya, na kwaya hailipi kodi ya nyumba.

Kazi yao ilikuwa kusimamisha milingoti ya mashua ndogo za tanga kila Jumamosi, tayari kwa mashindano ya Jumapili. Mlingoti hushikiliwa na nyaya, mmoja kulia, mmoja kushoto, na lazima zikazwe sawasawa. Mafundi wengine hukadiria kwa macho. Nahashon, aliyepiga gita kwenye kumbi zote za Eastlands kabla bendi haijavunjika, alizigonga kwa kidole kama nyuzi, akakaza na kulegeza skrubu zake mpaka zote mbili zitoe sauti moja. Wanachama walikuwa wakisimama kumtazama. Akimaliza alijifuta mikono, akaenda zake kantini kunywa chai, huku Mbithi akibaki kufunga pini za kuzuia skrubu zisizunguke.

Masikio yalipoanza kumtupa, Nahashon hakumwambia mtu, hata mke wake. Ni nani atamweka fundi wa kusikiliza asiyesikia? Alijiambia vidole vyake vinajua. Na kila Jumapili milingoti ilipoenda majini na kurudi wima, alizidi kuamini, akazidi hata kuringa kidogo.

Kisha ikaja Jumapili iliyopita. Upepo uligeuka ghafla, mlingoti wa mashua ya mwanachama mmoja, Irungu, ukakatika na kumwangukia begani. Walimtoa majini akipiga mayowe. Meneja akauliza, "Nani alimaliza mashua hii?"

"Ni mimi," Mbithi akasema.

Nahashon akatazama viatu vyake.

Kila mtu alielewa, Nahashon akiwemo. Jumamosi ile mtoto wa Mbithi alikuwa amelazwa, na baba mtu alifunga pini mbio mbio akakimbilia hospitali. Bila shaka alisahau moja. Akafutwa kazi siku hiyo hiyo.

Jumatatu Nahashon alitumwa kuifungua mashua iliyovunjika. Pini zote zilikuwa mahali pake. Lakini skrubu ya kushoto ilikuwa imezungushwa nusu tu ya ile ya kulia. Waya wa kushoto ulikuwa umelegea, na aliyeuacha hivyo ni yeye. Alikaa chini penye nyasi na moyo ukamuuma kweli kweli. Hata hivyo akanyamaza. Akanyamaza Jumanne pia, akanyamaza wiki nzima, huku koti la kazi la Mbithi likining'inia msumarini mbele yake.

Chai ikaletwa.

"Mtoto anaendeleaje?" akauliza.

"Amepona, Mungu asifiwe. Tumempeleka kwa nyanya yake Machakos apate nguvu."

"Na kazi?"

"Nimezunguka Industrial Area yote. Wananiambia rudi kesho, rudi kesho." Mbithi alisema hivyo bila uchungu, na hilo ndilo lililommaliza Nahashon.

Akaweka kikombe chini. "Mbithi, wewe hukusahau pini. Niliziona zote. Masikio yangu yamekwisha, ndugu yangu, yamekwisha zamani. Nilikaza ile mashua vibaya, halafu nikakuacha ufutwe badala yangu kwa sababu niliogopa. Kesho asubuhi naenda kwa meneja nimwambie akurudishe."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Aliona aibu, lakini pia aliona kifua kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Angalau atafutwa kazi akiwa mtu mkweli.

Mbithi hakushangaa. Alizungusha kikombe chake mezani, akamtazama mkewe.

"Baba Mwende," Nzembi akasema, "mwambie tu."

"Niambie nini?" Nahashon akauliza. "Kama ulijua hukusahau pini, mbona ulisema ni wewe?"

Mbithi akasogeza stuli yake karibu, akapaza sauti ili asikike vizuri.

"Kwa sababu ni mimi. Siku hiyo nilikimbilia hospitali kabla sijazikaza nyaya zako upya, vile mimi hufanya kila Jumamosi wewe ukienda chai."