Tundu la Swichi

Badru aliielekeza keekee kwenye kompyuta mpakato ya marehemu baba yake, akasita. Ndani, chipu mbili za kuiwasha zilikuwa tayari: mpya ya kufanyia kazi, na ya zamani, ambayo baba aliitia salamu kwa mkono wake. Lilibaki tundu la swichi ya kuchagua ipi iamke.

"Nitaiumiza, Mama."

Mama yake, Bi Mwanakombo, akacheka. "Binti yako alipotogwa masikio ulikimbilia uani. Leo huchoki kumsifia vipuli."

Badru akatoboa, akapachika swichi, akaisukuma upande wa chipu ya zamani, akaiwasha kompyuta. Kioo kikawaka polepole: *Karibu, Mwanakombo.*

Mama akapuliza vumbi lililobaki ukingoni mwa tundu, kidole kikichezea kipuli chake, kisha akaizima ili aiwashe tena mwenyewe.